Kutoa bushi zilizokufa kwenye gari kuukuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota gereji, hapa Ngamiani, Tanga. Mengine ni ya wateja, mengine ya vijana wanaojifunza kazi, na mengi ni ya wenye magari wanaopenda kujifungulia wenyewe Jumapili, kisha Jumatatu asubuhi wanakuja na mkono wa gari, yaani chuma kinachoshikilia gurudumu kwenye chesisi, ndani ya kiroba. Kuweka bushi mpya si kazi kubwa. Kazi ni kuitoa ya zamani bila kuumiza jicho, yaani tundu la mkono inamokaa, kwa sababu bushi utaitupa lakini jicho utabaki nalo.

## Ya mwanzo

Bushi ni kitu gani hasa?

Ni mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma. Kibomba cha katikati ndimo bolti inamopita. Ganda la nje limekaa kwa kubanwa ndani ya jicho la mkono. Mpira umeunganishwa na vyuma hivyo viwili kiwandani, hautelezi. Mkono unapopanda na kushuka, mpira unajinyonga kidogo halafu unarudi ulipokuwa. Ukilishika hili, nusu ya maswali yaliyobaki utayajibu mwenyewe: kwa nini bushi haipakwi grisi, kwa nini bolti haikazwi gari likiwa hewani, na kwa nini mpira ukishachanika hakuna matengenezo.

Zipo pia zisizo na ganda la nje, kama zile za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), na zipo zenye mafuta ndani. Za mafuta zina swali lake mwishoni.

Nitajuaje kama zimekufa?

Gari litakwambia. Ukikanyaga breki unasikia "ko!" moja chini ya miguu, na ukiachia unasikia nyingine. Usukani unakuwa mlevi, yaani unanyoosha barabara ya Pongwe lakini mkono haupumziki. Tairi za mbele zinalika upande wa ndani. Kwenye matuta kunagonga hata kama shokapu ni mpya, na hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela: wanabadilisha shokapu, kelele ikibaki wanamlaumu aliyewauzia.

Kupima ni hivi. Chomeka mtaimbo kati ya mkono na chesisi, sukuma taratibu huku mwenzako anamulika tochi. Bushi nzima inasogea kidogo na kurudi. Iliyokufa, kibomba cha katikati kinahama na unaona mwanya pale mpira ulipoachana na chuma. Nyufa ndogo za juujuu zisikutie hofu, mpira wa miaka mingi lazima uwe nazo. Cha kutafuta ni kuachana.

Nikiendelea kuendesha hivyohivyo?

Mjini kwa mwendo wa pole utaenda kwa muda, huku tairi zikilika. Kwa safari ya Lushoto nakukatalia. Kule ni kona na breki mfululizo, na bushi iliyokufa huacha gurudumu lirudi nyuma kila unapokanyaga breki.

Kwa nini bushi za magari ya Tanga zinaganda hivi?

Chumvi. Gari linalolala Raskazone au Sahare linapigwa na upepo wa bahari usiku kucha, na kutu inaingia pale pasipoonekana, kati ya bolti na kibomba cha katikati na kati ya ganda na jicho. Mabaya zaidi ni pikapu zinazobeba samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea. Maji ya chumvi na barafu yanadondoka kutoka kwenye bodi hadi kwenye springi za nyuma, kila siku, mahali palepale. Nimefungua springi za pikapu kama hizo ambazo bolti, kibomba na bamba vilikuwa vimekuwa chuma kimoja. Dawa ni kuosha kwa maji yasiyo na chumvi chini ya gari, siyo bodi tu, kila baada ya mzigo.

## Kabla hujafungua chochote

Ninunue bushi tupu au mkono mzima?

Inategemea gari. Kwa magari madogo ya Kijapani ya miaka ya 1990, mkono mzima mpya wenye bushi na boljointi (kiungo cha duara upande wa gurudumu) unapatikana kwa urahisi, na ukipiga hesabu ya bushi mbili, boljointi na hela ya presi (mashine ya kukandamiza bushi itoke au iingie), mara nyingi unakuta tofauti ni ndogo. Hapo chukua mkono. Kwa gari ambalo mikono yake haipatikani, au yenye mikono ya chuma kizito kilichotengenezwa vizuri kuliko cha siku hizi, badilisha bushi.

Mkono wa mtumba ni bahati nasibu. Chuma chake huenda ni kizima, lakini mpira wake una umri uleule wa gari lilikotoka. Ukiununua, ununue kwa ajili ya chuma na upange kuweka bushi mpya.

Nahitaji vifaa gani?

Jeki na stendi mbili imara, spana na soketi (kwa magari mengi madogo 14, 17 na 19), mtaimbo, nyundo ya kilo moja na nusu au mbili, tindo iliyonolewa, drili yenye biti ya milimita 5 au 6, msumeno wa chuma wenye wembe wa meno 24 kwa inchi, jiliwa, dawa ya kutu, na miwani. Miwani siyo pambo. Tindo ikipiga ganda kavu, kipande kinaruka.

Presi inasaidia lakini hailazimu. Njia ya kufanya bila presi iko chini.

Ni hatari gani niijue?

Ya kwanza ni ardhi yetu. Sehemu kubwa ya mji huu ni mchanga, na jeki kwenye mchanga inazama upande mmoja. Weka ubao mpana na mzito chini ya jeki na chini ya kila stendi, weka mawe nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, halafu litikise gari kabla hujaingiza kichwa. Matofali hayafai. Tofali la saruji linapasuka ghafla bila kutoa taarifa.

Ya pili ni springi. Kwenye gari ambalo koili imezunguka shokapu na kufungwa juu na chini kama kitu kimoja, ukifungua bolti za ndani za mkono wa chini koili haina pa kurukia. Lakini kwenye gari ambalo koili imekaa juu ya mkono, mkono ndio unaoizuia, na ukiuachia koili inatoka na nguvu ya kuvunja mguu. Vivyo hivyo magari ya tosheni baa, yaani fimbo ya chuma inayojinyonga badala ya koili, kama Hiace nyingi, Pajero za zamani na baadhi ya Hilux za zamani za miguu minne. Baa lazima ilegezwe kwanza, na uhesabu mizunguko ya bolti yake ili uirudishe palepale. Ukiwa hujui gari lako ni la aina gani, muulize fundi kabla ya kushika spana.

Kuna alama ninazotakiwa kuweka?

Ndiyo, na wengi wanasahau. Bushi nyingi kubwa za nyuma ya mkono zina matundu makubwa kwenye mpira. Matundu hayo hayakuwekwa kwa kubana matumizi ya mpira. Yanaamua upande upi gurudumu liruhusiwe kulegea na upande upi likazwe. Ikiwekwa imezunguka robo, bushi mpya inachanika mapema na gari linakuwa la ajabu kwenye breki. Kwa hiyo kabla ya kutoa, chora mstari wa rangi au piga alama kwa tindo kwenye jicho, usawa wa matundu. Pima pia ganda limechomoza kiasi gani kila upande. Piga na picha ya simu, maana kumbukumbu inadanganya mikono ikishakuwa na grisi.

## Kutoa

Bolti imeganda ndani ya bushi. Nati imetoka lakini bolti haitoki.

Hili ndilo swali linaloongoza Tanga, sababu nimeieleza kwenye jibu la chumvi.

Anza jana yake. Nyunyizia dawa ya kutu pande zote mbili za kibomba jioni, rudia asubuhi. Kisha usigonge kwanza, zungusha. Shika kichwa cha bolti kwa ringi spana, zungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Bolti ikizunguka peke yake, umeshinda, itatoka kwa kugongwa taratibu. Bolti ikizunguka pamoja na kibomba huku mpira ukijinyonga na kuirudisha kama mpira wa manati, basi kutu imeshaviunganisha na nyundo haitasaidia. Utaharibu nyuzi tu, na bolti itatanuka kichwa mfano wa uyoga.

Hapo kata. Ingiza wembe wa msumeno, au grinda yenye diski nyembamba, kwenye nafasi kati ya uso wa bushi na bamba la chesisi, ukate bolti na kibomba pamoja, upande huu na upande ule. Mkono utadondoka ukiwa na kipande cha bolti tumboni. Bolti mpya ya daraja lilelile nunua kabla hujaanza. Usiweke bolti ya kitanda au ya geti, hata kama unene ni uleule, kwa sababu bolti ya mkono ina ugumu wake na namba zimeandikwa kichwani.

Ukitumia grinda, cheche zinaruka. Ondoa au funika mpira wa breki na bomba la petroli kwa kitambaa kilicholowa maji.

Sina presi. Bushi nitaitoaje kwenye mkono?

Kwa kuivuta. Tafuta bolti ndefu yenye nyuzi mwili mzima, unene wa milimita 12 hadi 16, ya chuma kigumu. Upande mmoja wa jicho weka kipande cha bomba ambacho tundu lake ni kubwa kuliko ganda la bushi, ili ganda lipate pa kuingilia. Upande wa pili weka soketi kuukuu au duara la chuma ambalo ni dogo kidogo kuliko jicho lakini linakalia ganda, siyo mpira. Pitisha bolti katikati ya vyote, weka washa nene, paka grisi kwenye nyuzi, kaza. Bushi inatembea kidogo kidogo kuingia kwenye bomba. Vipande vya bomba utavipata kwa wanaonunua chuma chakavu, ukienda na ganda la bushi mpya mkononi la kupimia.

Makosa ni mawili. Moja ni kusukuma mpira badala ya ganda: mpira utatoka, ganda litabaki. La pili ni kusahau kushikilia kingo za jicho. Kwenye mikono ya bati lililokunjwa, jicho linaweza kupinda kabla bushi haijasogea. Chomeka kipande cha chuma kinachojaza nafasi kati ya kingo mbili ndipo ukaze. Bolti ikianza kulia na haitembei, acha, simama pembeni yake siyo mbele, na uende kwenye jibu linalofuata.

Mpira umetoka, ganda limebaki limeng'ang'ania. Au halitoki kabisa kwa kuvutwa.

Usijute. Kwenye gari lililokaa pwani hii ndiyo njia ya kawaida, na mara nyingine naianza moja kwa moja.

Kama mpira bado upo, toboa kwa drili matundu mengi kuzunguka kibomba cha katikati, yakikaribiana kama matundu ya kichujio. Mpira ukishadhoofika, kibomba kinasukumwa nje na mabaki unayakwangua kwa kisu. Drili inapenda kudandia mpira na kuruka, kwa hiyo mkono wa gari uwe umebanwa kwenye jiliwa, siyo umeshikwa na mguu wako.

Sasa fungua msumeno, pitisha wembe ndani ya ganda, ufunge tena msumeno ukiwa umeshaingia. Kata ganda kwa urefu, mstari mmoja. Kata taratibu na usimame kila mara uangalie. Ganda ni jembamba, na ukiona rangi ya chuma imebadilika au vumbi la kutu linatoka mstarini, umefika mpakani. Usivuke. Afadhali ubakize unene wa karatasi, kisha weka tindo kwenye mstari na uligonge ganda likunje kuelekea ndani. Likishajikunja kidogo tu, limelegea, na linatoka kwa vipigo vitatu vinne. Ganda sugu sana linataka mistari miwili iliyoachana kidogo, ung'oe kipande cha katikati.

Ukimaliza, safisha jicho kwa msasa mpaka ling'ae. Ukiiacha kutu ndani, bushi mpya itaingia upande.

Tahadhari moja kubwa: hakikisha bushi mpya inakuja na ganda lake. Baadhi ya bushi za plastiki ngumu zinategemea ganda la zamani libaki. Ukishalikata, umejitafutia safari ya pili dukani.

Naweza kuchoma mpira kwa moto? Mafundi wengi wanafanya hivyo.

Wanafanya, na mimi nilifanya sana nilipokuwa kijana. Inafanya kazi haraka: ukipuliza gesi, mpira unawaka, kibomba kinadondoka. Lakini siku hizi siifanyi isipokuwa kwa mkono mzito wa chuma uliokwisha kutolewa kwenye gari, nje, upepo ukiwa mgongoni, ndoo ya mchanga pembeni. Moshi wa mpira ule ni mweusi, unanata kifuani na kwenye kanga zilizoanikwa za majirani, ambao ndio watakaokuja kwanza. Moto pia unaharibu rangi inayozuia kutu, na unadhuru boljointi iliyo kwenye mkono huohuo.

Usichome kamwe mkono wa alumini, moto unaupunguzia nguvu na huwezi kuona kwa macho. Usichome bushi yenye mafuta ndani, inaweza kupasuka. Na usichome kitu kikiwa bado kiko kwenye gari, karibu na mpira wa breki na tangi.

Nilikata nikapitiliza, jicho lina mkwaruzo. Mkono umekufa?

Pole. Hata mimi nilishawahi kukata mkono wa gari la mteja kwa haraka ya saa kumi na moja jioni, nikaulipa. Mkwaruzo mwembamba usioingia ndani, lainisha kingo zake kwa tupa na uendelee. Mfereji unaouhisi kwa ukucha ukizama, kwenye mkono unaobeba gurudumu, siuamini. Hapo ndipo ufa unapoanzia. Kujaza kwa welding na kuchonga upya nimeona kukifanyika, ila kwa mkono wa mbele sikushauri. Tafuta mwingine.

Jicho lililopanuka hadi bushi mpya inaingia kwa kidole pia limekufa. Kuizungushia bati la kopo ili ibane ni kujidanganya hadi Muheza.

## Kuweka mpya

Nipake grisi ili iingie?

Hapana. Grisi na oili vinakula mpira wa asili, ule wa utomvu wa miti kama iliyoko Kihuhwi, na bushi nyingi zimetengenezwa na mpira wa jamii hiyo. Tumia maji ya sabuni. Yanateleza wakati wa kuingiza, kisha yanakauka. Filamu nyembamba sana ya oili kwenye jicho, chuma kwa chuma, haina tatizo mradi isiguse mpira. Kulaza bushi kwenye friza usiku kucha kunasaidia kidogo, maana chuma baridi kinasinyaa. Sukuma ganda, usisukume kibomba cha katikati, na ifuate alama ulizochora.

Bolti nizikaze lini?

Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu ndilo linaloua bushi mpya kuliko mashimo ya barabara. Ukikaza mkono ukiwa umening'inia, kibomba kinabanwa katika hali hiyo, na gari likishushwa mpira unajinyonga moja kwa moja, hata likiwa limeegeshwa. Baada ya muda mfupi umechanika na unasema spea ni feki. Funga bolti kwa mkono tu, shusha gari, litikise mara kadhaa likae, kisha ingia kukaza ukitumia shimo la gereji. Usipokuwa na shimo, inua mkono wenyewe kwa jeki hadi gari lianze kubebwa, ndipo ukaze.

Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha magurudumu, ni lazima?

Ndiyo, ukigusa mikono ya mbele. Usipofanya utalipa kwa tairi.

## Ya pembeni

Nina Land Rover ya springi za majani. Bushi nyingine ziko ndani ya chesisi. Zinatokaje?

Kwa subira. Land Rover za Series zote, zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, zina bushi zilizopigiliwa kwenye chesisi pale shakeli (mabamba yanayounganisha springi na chesisi) zinaposhikwa, na huwezi kupeleka chesisi kwenye presi. Njia ni ileile ya drili na msumeno niliyoeleza, ila unafanya umelala. Kumbuka kwamba bamba moja la shakeli lina nyuzi, kwa hiyo ukitoa nati bado bolti imefungwa. Izungushe itoke, usiigonge. Chesisi ikiwa imeliwa na kutu pale jichoni, acha bushi, mtafute kwanza mtu wa kuchomelea.

Bushi yangu inavuja maji meusi. Ni nini?

Ni ya mafuta, yaani ina kimiminika ndani cha kuzuia mtetemo. Ikivuja imekwisha hata kama mpira unaonekana mzima. Toboa taratibu ukiwa umevaa miwani, na usiweke moto.

Za plastiki ngumu zinafaa kwa barabara zetu?

Zinadumu na ni rahisi kuingiza kwa mkono, kwa kuwa nyingi ni vipande viwili. Lakini gari linakuwa gumu, na kila kokoto la njia ya Amani utalisikia mgongoni. Hizi ndizo pekee zinazopakwa grisi, ile inayokuja nazo kwenye pakiti. Usipopaka zinalia kama mlango wa chumba cha kupanga.

Nibadilishe upande mmoja tu?

Kama ulivunjika kwa ajali, sawa. Kama ni uzee, badilisha zote mbili, maana zimeishi pamoja, na upande mmoja mgumu na mwingine laini unalifanya gari livute.

Kuna fundi ananichongea bushi kwa tairi kuukuu. Niweke?

Kwa springi za nyuma za pikapu ya shamba, mwendo mdogo, wanaweka na zinasogeza siku hadi spea ifike. Zina nyuzi za tairi ndani ya mpira, hazijinyongi kama bushi ya kweli, zinateleza na kula bolti. Kwa mkono wa mbele, kataa, hata kama amezichonga vizuri kiasi gani. Ukishaweka za nyuma, fungua uangalie bolti kila mwezi.